Bibi Fanni na Meza ya Alhamisi

Brussels, 9 Septemba

Bibi yangu Fanni,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa pale dirishani ukiwasema wapita njia wa Turku mmoja mmoja. Mimi sijambo, ila mvua. Hapa hainyeshi ikaisha, inachuruzika tu kama pua ya mtoto. Mama kanipigia toka Helsinki, analalamika kwamba umemkatalia tena kile kifaa cha masikio. Sawa, mimi sitaki ugomvi. Ukikataa kusikia simu nitaandika, na wewe utasoma kwa sauti mpaka majirani wajue siri zetu.

Kazini tunaendelea na kesi za meli zinazomwaga uchafu baharini. Mwezi wa Januari nimepangiwa kusimama mbele ya kamati ya Bunge la Ulaya kuieleza habari za bahari yetu ya huko nyumbani. Suti ninayo, maneno bado.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Nimejiunga na umoja wa vijana wa Kiyahudi wa hapa, watu wenye kazi zao: wanasheria, watu wa benki, wahandisi, na mwoka mikate mmoja ambaye ndiye tunayempenda kuliko wote. Tulichoka kukutana misibani tu. Tunawaalika mabalozi, tunawauliza maswali ya dunia, tunakaa pia na vijana wa dini nyingine. Mimi nimepewa Meza ya Alhamisi. Mara moja kwa mwezi, nusu watu wetu na nusu Waislamu wa mjini, tunakula na kuzungumza. Sharti ni moja: kila mtu aulize swali ambalo kweli hajui jibu lake.

Upande wa pili anayeongoza ni Ikram Aznag, daktari wa mifupa, mzaliwa wa hapa, wazazi wake wametoka Morocco. Anaongea haraka mno. Ukipiga chafya umepitwa na sentensi tatu.

Nakutakia mwaka mpya mwema mapema, maana najua posta.

Mjukuu wako,
Eliel

*

Turku, 21 Septemba

Mume wangu Eliel,

Marahaba, na mwaka mpya wenye utamu kama asali. Sijambo. Magoti yanalia nikipanda ngazi, yanacheka nikishuka. Sinagogi wamepaka rangi mlango. Wamechagua rangi ya supu ya dengu, na hakuna aliyeniuliza. Mama yako alikuja na samaki wa chumvi, akaenda na malalamiko.

Sasa hebu tuseme. Unaniacha mimi mkeo wa miaka yote huku kwenye baridi, unakwenda kukaa mezani na daktari anayeongea haraka? Haya. Yeye ana mifupa ya watu, mimi nina yangu tu, na hiyo yenyewe inalialia. Niambie, ameolewa?

Utani kando. Marehemu babu yako alikuwa mwanachama wa vyama vitano vya mazungumzo. Walizungumza mpaka chai ikapoa, kisha wakaandika taarifa kwamba wamezungumza. Kama meza yako ni ya taarifa, usinichoshe. Kama ni ya watu, niandikie walichosema. Na walichokula.

Mkeo mkubwa,
Fanni

*

Brussels, 14 Oktoba

Bibi,

Shikamoo tena. Nimepata mafua kidogo, nitakwambia sababu. Mama anasema jani la kwanza limeanguka uani kwako na umelilaumu baraza la mji.

Kwanza: Ikram ana mchumba, anaitwa Tarik, ni mhandisi wa madaraja. Ndoa yetu mimi na wewe iko salama.

Pili: Meza ya kwanza tuliifanya Alhamisi ndani ya kibanda cha Sukoti, sikukuu yetu ya vibanda. Tulikijenga juu ya paa la jengo anamokaa Dov Teitelman, yule wa benki. Unajua sheria: paa la matawi, mtu aone nyota. Nyota hatukuziona. Mvua tuliiona. Supu ilikuwa inaongezeka kwenye bakuli kadiri tulivyokunywa. Mwoka mikate akasema, "Leteni mabakuli makubwa zaidi, Mungu anapika."

Tulianza kwa adabu za kuchosha. Mmoja akauliza hali ya hewa itakuwaje miaka hamsini ijayo, mwingine akauliza kwa nini Ulaya haina sauti moja. Ndipo Ikram akaweka kijiko chini, akamgeukia Dov.

"Samahani, hili kweli silijui. Unapopanda tramu na hicho kikofia cha Kiyahudi kichwani, unaogopa?"

Dov alikuwa amefungua mdomo atoe mzaha, nikamwona anaufunga.

"Nakivua kituo kimoja kabla," akasema. "Nakiweka mfukoni. Nikifika nakivaa tena."

"Dada yangu hufanya hivyohivyo na mtandio," Ikram akamwambia. "Kila akiitwa kwenye usaili wa kazi. Huwa anajifungia chooni kwenye mgahawa wa jirani."

Basi hapo, Bibi, adabu zikatoka na mvua. Waliongea wote kwa pamoja. Dov na Ikram walibishana kuhusu shule za dini mpaka Dov akasahau kwamba kibanda ni chake, akamwambia Ikram, "Nyie mnakaribisha wageni vizuri sana." Tulikula mbaazi za namna mbili, na kila upande ukaapa kwamba bibi yake anazipika vizuri zaidi. Nilikutetea.

Mwezi ujao tutakuwa mtaani kwao, Molenbeek. Baba yake Ikram, Mzee Lahcen, aliyekuwa dereva wa tramu, amewaomba wazee wa msikiti watupe ukumbi, na wamekubali baada ya maneno mengi. Ikram anasema baba yake hajawahi kuomba kitu kwa mtu.

Eliel mwenye mafua na furaha

*

Turku, 2 Novemba

Mume wangu,

Sijambo, giza limeingia saa kumi na nusu tu kama kawaida ya mwezi huu, na mimi nawasha taa zote ili kampuni ya umeme ifurahi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya kikofia. Nimeifikiria ile mifuko ya watu. Sitasema zaidi.

Huyo msichana anauliza maswali ya maana. Mzee Lahcen naye nimempenda bila kumwona. Mtu asiyeomba akiomba, ujue ametoa kitu kikubwa. Msalimie. Na wewe vaa soksi kavu.

Fanni

*

Brussels, 7 Desemba

Bibi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenielemea. Mama hajambo, mwenyewe unajua. Mishumaa ya sikukuu ya Hanuka nimeshanunua, viazi vya kukaanga nitaunguza kama kila mwaka.

Wiki iliyopita tulikuwa na kifungua kinywa na balozi mmoja, nchi sitaitaja. Alisema ana wasiwasi mkubwa. Tukamuuliza kuhusu mito, akasema ana wasiwasi mkubwa. Tukamuuliza kuhusu wakimbizi, wasiwasi ukaongezeka. Wakati huo mkono wake ulikuwa haumwachi yule samaki wa kukaushwa kwa moshi. Mwoka mikate akaninong'oneza, "Mtu mwenye wasiwasi huo wote, angalau angekosa hamu ya kula."

Najiandaa na Bunge. Nasoma, nalala, nasoma. Mvua ipo.

Habari nyingine sina.

Eliel

*

Turku, 28 Desemba

Mume wangu,

Usishangae mwandiko. Ninaandika nimelala, maana kitandani ndiko kwenye joto, na mtu wa umri wangu akilala mchana haulizwi. Mishumaa nimewasha yote minane. Mama yako yuko hapa siku nyingi mwezi huu, sijui ana nini, nadhani amenimisi. Theluji imejaa. Chakula si kibaya, ingawa viazi vinapikwa na mtu asiyevipenda.

Sasa sikiliza. Septemba uliniandikia Ikram. Oktoba uliniandikia Ikram, barua nzima. Desemba umeniletea balozi na samaki. Meza ya Novemba iko wapi? Ukumbi wa Mzee Lahcen uko wapi? "Habari nyingine sina," unaniambia mimi, niliyekujua kabla hujaota jino. Redio ninayo, na nikiiweka sikioni naisikia. Najua kilichowaka huko Mashariki ya Kati mwezi Novemba. Kisichosemwa na redio ni ulichofanya wewe.

Sikulazimishi. Ila usinilishe balozi tena.

Fanni

*

Brussels, 25 Januari

Bibi,

Shikamoo nitakupa, lakini kwa hasira.

Nyonga! Umevunjika nyonga tangu mwanzoni mwa Desemba, umefanyiwa upasuaji, uko kwenye nyumba ya mazoezi ya wagonjwa, nami unaniandikia habari za joto la kitandani! Mama anakiri kwamba ulimwapisha. Alhamisi natua Turku. Huenda nikafika kabla ya barua hii, lakini naandika hata hivyo, kwa sababu yaliyomo siwezi kukupigia kelele sikioni mbele ya wodi nzima.

Nilivyojua ndivyo hivi. Siku moja baada ya kutoka bungeni simu ililia. Ikram. Hatukuwa tumesemezana tangu Novemba.

"Eliel," akasema, "nazungumza kama daktari, si kama rafiki. Bibi yako amevunjika nyonga. Anaendelea vizuri. Picha ninayo hapa mbele yangu."

"Picha gani? Bibi yangu yupi?"

"Una wangapi? Fanni. Ameniletea picha ya eksirei kwenye bahasha, na barua ya Kifaransa ambacho sijakisikia tangu nizaliwe. Juu ya bahasha ameandika: Daktari Ikram Aznag, mifupa, Brussels. Basi. Na posta wameileta."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza mpaka umalize bungeni. Nimekaa na siri ya bibi yako wiki mbili nzima huku nimekukasirikia. Unajua ilivyo kazi? Na nilikutazama kwenye kompyuta ukihutubia. Umesema 'hali ilivyo' mara tatu."

Maneno hayo yalinichoma, Bibi, na sasa itabidi nikwambie kwa nini.

Siku mbili kabla ya Meza ya Novemba vita viliwaka Mashariki ya Kati. Dada yake Dov anaishi huko. Alikuwa akimtumia ujumbe kutoka kwenye handaki. Simu yangu haikupumzika. Wetu mmoja anasema hawezi kukaa nao. Mwingine anasema tukienda tutazomewa. Mwingine anasema tusipokwenda tutaonekana waoga. Kila mmoja alikuwa analia kwa namna yake. Nami, mwanasheria, nikaandika sentensi ya kisheria, nikaituma kwa wote kwa mpigo: "Kutokana na hali ilivyo, Meza ya Alhamisi imeahirishwa hadi itakapotangazwa tena."

Ikram nilimtumia hiyohiyo. Sikumpigia. Alikuwa tayari ukumbini na baba yake wakipanga viti, wamekwenda mpaka kwa mwoka mikate wetu kununua mikate tunayoruhusiwa kula. Alinijibu neno fupi: "Hali ilivyo ni mimi?"

Sikujibu. Siku ya kwanza sikujua niseme nini, ya pili niliona aibu ya siku ya kwanza, na kila siku ikajenga juu ya mwenzake. Ndiyo maana ukaletewa balozi.

Nilipomweleza Ikram hayo kwenye simu alianza kusema polepole, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akasema, "Mimi ningekubali tuahirishe. Muuguzi wangu Hadil ana jamaa zake huko, upande wa pili wa vita, hakuwa na uwezo wa kusimama. Nilitaka tu uniulize."

Halafu akasema mwambie bibi asiegemee mguu wa kulia.

Eliel

*

Turku, 5 Februari

Mume wangu,

Jana umepanda ndege, leo naandika. Ulikuja, ukalia, ukala mikate ya iliki yote, ukaenda. Wazee wenzangu hapa wanasema mume wangu ni kijana mzuri ila amekonda.

Kuhusu hasira yako: ilifika, nimeipokea, nimeiweka. Nilikuficha nyonga kwa sababu ungeacha bunge ukakimbilia hapa kunishika mkono, na mkono wangu haukuvunjika. Kuhusu kumwandikia daktari: nilikuwa na maswali ya daktari. Wa hapa wanajibu kwa kunipigapiga bega. Yeye alinijibu kurasa nne na michoro. Unaponitazama kwa jicho lile la wakili kwamba nilikuwa na nia nyingine, lete ushahidi.

Ulisema pale kitandani kwamba umemwomba Ikram radhi na mmepatana. Vizuri. Nilikuuliza, "Na baba yake?" ukajifanya ni mimi nisiyesikia vizuri, kumbe ni wewe. Aliyeomba ukumbi ni yeye. Aliyebaki na wazee wa msikiti akitafuta maneno ni yeye. Kamwone. Usimtumie ua, usimtumie ujumbe. Nenda na miguu, maana wewe unayo miwili mizima.

Fanni

*

Brussels, 9 Machi

Bibi,

Shikamoo. Mama ameniambia unatembea korido nzima na kwamba umemfukuza kijana wa mazoezi kwa kukuhesabia kama mtoto. Nimefurahi, ila msamehe.

Nilikwenda. Nilizunguka ule mtaa mara kadhaa kabla ya kubonyeza kengele. Mzee Lahcen alifungua mwenyewe. Ni mfupi, ana masharubu meupe, na bado husimama kama mtu aliyeshika usukani. Hakuniambia niketi.

"Namba yangu ulikuwa nayo?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Nilikaa na viti na supu mpaka watu wakaanza kuniuliza harusi ya nani imevunjika."

"Nimekosa, Mzee. Sina cha kujitetea."

"Mwanasheria asiye na cha kujitetea." Akanisogelea. "Mlikuwa mnaogopa?"

"Ndiyo."

"Sisi pia tulikuwa tunaogopa. Lakini tulikuwa tunaogopa huku tumewasha taa." Akavaa koti lake. Nikadhani ananifukuza. "Alhamisi tutafuturu saa kumi na mbili na nusu. Waambie watu wako. Wewe njoo mapema, viti havijipangi."

Basi Alhamisi tulipanga viti ukumbini, mimi na yeye. Kila nilichokiweka alikisogeza kidogo.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa karamu. Kwetu walikuja nusu ya walioalikwa. Mwoka mikate alileta vikeki vya pembe tatu vilivyobaki kwenye sikukuu ya Purimu. Dov alikuwa ameapa hatakuja. Alikuja, akasimama mlangoni na koti lake, kikofia kichwani. Mtaani kwao, Bibi, tangu kituo cha tramu.

Adhana ikaadhiniwa, tende zikapita, watu wakanywa maji. Ikram akaenda pale mlangoni.

"Dada yako hajambo?"

"Yu hai. Analala na viatu miguuni."

Ikram akamshika mkono wa koti, akamleta mezani, akamketisha karibu na Hadil, yule muuguzi. Dov naye, sijui nguvu aliipata wapi, akamgeukia.

"Na wa kwenu?"

"Shangazi yangu hatujui alipo," Hadil akasema. "Tunapiga simu kila siku. Inaita."

Mzee Lahcen akawamiminia supu wote wawili kwa upawa mmoja.

Baadaye tulizungumza, Bibi, na kuzungumza kwenyewe kulikuwa kugombana. Nani alianza, nani ananyamaza, nani anahesabiwa na nani hahesabiwi. Mmoja wetu alipiga meza. Mmoja wao akatoka nje kwa hasira, tukasikia mlango, nikadhani Meza imevunjika. Kumbe alikwenda kupumua, akarudi na baridi nguoni akaendelea pale alipoachia. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Ikram aliuliza kama tukutane tena mwezi ujao. Mikono ilipanda taratibu sana, wa mwisho Dov, lakini ilipanda yote. Hadil akamwambia, "Ukipata habari za dada yako nitumie." Wakapeana namba.

Niliporudi nyumbani nilikaa na viatu vyangu kitandani, sikuvivua kwa muda mrefu.

Ikram anaulizia mguu wako. Anakutaka ujibu maswali yote sita ya kwenye barua yake, si yale yanayokufurahisha tu.

Eliel

*

Turku, 20 Machi

Mume wangu,

Niko nyumbani kwangu. Wamenirudisha juzi na gongo, na karatasi ya mazoezi yenye picha za mwanamke ambaye dhahiri hajawahi kuumwa na kitu. Mwambie Ikram majibu yote sita ni "ndiyo", isipokuwa la tatu.

Barua yako niliisoma kule, nikaipeleka kwa jirani wa kitanda, akalia. Mimi sikulia. Nilikaa nikamfikiria yule Hadil na simu inayoita. Juzi niliwataja katika sala, shangazi yake na dada yake Dov, mmoja baada ya mwingine, bila kujua atangulie nani. Nikaanza na aliyepotea.

Halafu nikaona aibu kidogo. Mume wangu anakwenda Molenbeek kupanga viti, na mimi huku ghorofa ya tatu natazamana na mlango ulioandikwa jina la ukoo tu, Lehtonen. Unamjua, yule mrefu wa mlango wa pili. Miaka ishirini tunapanda lifti pamoja. Yeye anatazama namba, mimi natazama viatu vyake. Ndio ustaarabu wetu wa Kifini, na siupuuzi. Umetuepusha na mengi.

Jana asubuhi nikachukua gongo nikavuka korido. Safari ndefu kuliko ya Brussels. Nikagonga. Akafungua, ana kisu cha siagi mkononi. Tukatazamana.

"Kuna kitu kimeharibika?" akauliza.

"Hakuna."

"Maji yanavuja?"

"Hayavuji. Nimekuja kuzungumza."

Akafikiri. Wewe umeondoka siku nyingi, umesahau jinsi mtu wa kwetu anavyofikiri. Birika lake lilichemka likanyamaza. Mimi nimeegemea gongo, mguu wa kushoto, kama nilivyoagizwa. Mwisho akasogea pembeni, akasema, "Basi ingia."

Tulikaa mpaka mchana. Ana maoni kuhusu kila nchi duniani, na nyingi amekosea, nitamrekebisha Jumanne. Miaka ishirini kwenye lifti moja, Eliel, kumbe anaitwa Olavi.

Fanni